Umezoea simu garini? Ubongo haujazoea

Je, msomaji, wewe ni mmoja wa wale wanaozungumza kwa simu huku wakiendesha gari, na kujitetea kwamba wamezoea?

Kazi mbili zinapohitaji uamuzi kwa pamoja, ubongo huzipanga foleni. Sehemu yake ya mbele, nyuma ya paji la uso, humalizana na moja ndipo ishike nyingine. Kwa kuwa huhama upesi, wewe hudhani unazifanya zote mara moja.

Mazoezi husaidia, hilo si uongo. Mwaka wa 1976, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wanafunzi wawili walisoma hadithi kimyakimya huku wakiandika maneno waliyotajiwa. Mwanzoni walitatizika mno. Baada ya majuma kama sita walisoma kwa kasi yao ya kawaida na kuelewa. Mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walipiga picha za ubongo kabla na baada ya majuma mawili ya mazoezi. Foleni ilikuwa ingalipo, ila ilisonga kwa kasi zaidi.

Lakini wanafunzi wale walirudia kazi ile ile kila siku. Barabarani, leo mtoto anavuka mbio, kesho matatu inasimama ghafla mbele yako. Wala kuongea bila kushika simu si dawa: majaribio ya Marekani ya 2001 yalionyesha watu wakikosa kuona ishara za kusimama hata mkono ukiwa huru. Ukienda kilomita 50 kwa saa, gari hula karibu mita 14 kila sekunde.

Simu ikilia, iache ilie hadi utakapoegesha.