Bakuli la mwisho kabla ya arobaini

Wageni walikuwa watatu, wanawake wa rika moja, wametoka Dar es Salaam kwa boti na tangu washuke bandarini Malindi, Unguja, walikuwa hawajafika nyumbani. Mabegi bado walikuwa wameyabeba. Mwenyeji wao alikuwa na mimba ya miezi minane na ushei, mkono mmoja kiunoni, wa pili ukitoa maelekezo. "Huyu mtilie embe kwa wingi. Huyu pilipili kidogo, hajazoea. Huyu nyama hali." Kisha akaketi kwenye benchi, akashusha pumzi, akamgeukia muuzaji: "Wangu unaujua."

Nilikuwa nimekwenda Ng'ambo, nyuma ya majumba marefu ya Michenzani, kwa shughuli nyingine kabisa. Njaa ndiyo iliyoniketisha kwenye kibanda kile cha urojo. Kilichonikaa rohoni ni haraka ya yule mama kijana. Walikwishapita Darajani kula mkate wa ufuta. Baada ya hapo wangekwenda Forodhani kunywa maji ya miwa, kisha usiku kwenye meza za pweza. Jua lilikuwa kali na miguu yake imevimba. Nilimuuliza kwa nini asiwapeleke wageni nyumbani wakapumzika kwanza.

"Mwakani wakija nitawaonesha mtoto," alinijibu. "Leo nawaonesha ninapokula mimi."

Walipoondoka, mwenye kibanda alikusanya mabakuli, akaniambia kwamba anawaona wengi wa namna hiyo. "Mwezi wake ukikaribia, mtoto wa kike anawakusanya shoga zake anawaleta hapa. Wengine wanatoka Pemba, wengine Dar, wengine Muskati huko. Hawaji kula tu. Anakuja kuniaga."

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha pale siku nyingine, mapema, kabla hajaanza kuuza. Hakutaka jina lake liandikwe gazetini. Wateja wanamwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyo hivyo.

Nilimkuta amekalia kibao cha mbuzi, anakuna nazi ya chatne. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya jiko la mkaa, maji yanaanza kuchemka, manjano na chumvi vimeshatiwa. Pembeni palikuwa na embe mbichi alizokwisha kuzimenya, kuzichemsha mpaka zikalainika, kuziponda na kuzichuja. Unga wa ngano aliukoroga kwa maji baridi ndani ya bakuli, kisha akaanza kuumimina sufuriani, mkono mmoja ukimimina, wa pili ukizungusha mwiko bila kusita. Jirani alipita, akamsalimu. Hakuitikia. Mpaka mchuzi uliposhikana, mzito wa kiasi cha kuparamia mwiko bila kuuganda, ndipo alipoinua kichwa akaitikia salamu ya mtu ambaye alishaingia kwake zamani. "Ukiacha mwiko ukaitikia, umekula madonge," alisema. Embe zilifuata, na harufu ya pale ikabadilika papo hapo, mate yakanijaa mdomoni.

Msimu wa embe ukipita hutumia ukwaju au ndimu, na wateja wengi hawalalamiki. Wajawazito hulalamika. "Mwenye mimba humdanganyi kwa ndimu. Akionja tu anakutazama."

Namna anavyopanga bakuli ingetosha kuwa makala peke yake. Kwanza viazi vya kuchemsha, vimekatwa vipande vya kuingia kinywani mara moja. Juu yake bajia za dengu, ndogo ndogo, kisha kachori anayoipasua kwa ubavu wa kijiko ili mchuzi upate pa kuingilia. Yai la kuchemsha, nusu au zima kwa uwezo wa mteja. Mishkaki anaichomoa kwenye kijiti kwa mvuto mmoja. Hapo ndipo mchuzi unapomiminwa, wa moto, ukafunika kila kitu. Inafuata chatne ya nazi, pilipili kwa kadiri ya roho ya mtu, na mwisho kabisa chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba kama karatasi. Hizo haziwekwi mapema, kwa sababu raha yake ni zivunjike menoni kabla hazijalowa.

Kwa mjamzito, Bi Mkubwa ana taratibu zake, na hazitangazi. Nyama anairudisha motoni mpaka ajiridhishe. Yai analikata kwanza atazame kiini kama kimeiva. Bajia anakaanga mpya hata kama zilizopo bado zina joto. "Yeye haoni tofauti. Mie ndiye nitakayelala na wasiwasi nisipofanya."

Bajia na kachori zilifika Unguja kwa Wahindi, na urojo wenyewe umeshavuka bahari, Dar es Salaam wanauuza na wanauita miksi. Wale wageni watatu wangeweza kuula kwao. Kwa hiyo sikubali kwamba chakula peke yake ndicho kilichowaleta. Mwenzao alitaka waketi kwenye benchi lake, wamwone anavyojulikana pale, wasikie muuzaji akiambiwa "wangu unaujua" na kweli aujue. Hicho ni kitu ambacho mtu hawezi kumhadithia rafiki yake kwenye simu.

Mbona sasa, na si baadaye? Hapo inaingia arobaini. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa: siku 40 za kukaa ndani, kukandwa kwa maji ya moto, kufungwa tumbo, uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, na wazee wa kike wanaolinda mlango. Nyumbani kwa kina Bi Mkubwa, kwa muda wote huo mzazi hakaribii kitu kikali. Wazee wake walimwambia ukali unaingia kwenye maziwa, mtoto akaumwa tumbo. Mwenyewe hakutaka kubishana nao wala kuwatetea. "Mie niliambiwa nikatii, na wanangu wamekua." Kwa hiyo bakuli la mwezi wa tisa ni la mwisho kwa muda, na mlaji analijua hilo anapoliramba.

Aliwahi kujiwa na kijana mmoja usiku, amevaa kofia mpaka machoni, anaomba afungiwe urojo wa embe nyingi. Mkewe alikuwa ndani ya arobaini. Mama mkwe alikuwa amelala. "Nilimfungia," Bi Mkubwa alikiri. "Lakini viazi na bajia nikajaza, mchuzi nikatia kidogo. Nilimwonea huruma yule mtoto wa kike, na nilimwogopa mama mkwe."

Arobaini zina mwisho wake. Ninachoshindwa kukipatia jibu ni kinachofuata. Kwa maelezo ya Bi Mkubwa, wengi wa waliokuja kuaga hawaonekani tena kwa mwaka, wengine miaka miwili. Waume zao wanaonekana wiki ileile ya kujifungua, wakiwa na furaha, wananunulia watu. Nenda Jaws Corner jioni yoyote, pale kwenye kahawa na mazungumzo ya siasa ndani ya Mji Mkongwe, utawakuta baba wapya wamekaa kama walivyokaa mwezi uliopita. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004, ingawa si ya Unguja, inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3. Nadhani kule barazani desturi imempa baba hata zile tatu azitumie apendavyo.

Nilimuuliza Bi Mkubwa kinachowazuia wanawake. Akanihesabia kwa vidole vilivyojaa unga wa dengu. Hana wa kumwachia mtoto. Akija naye, atamnyonyeshea wapi, benchi liko njiani. Moto wa karai uko hapa, mtoto anatambaa. Na watu wanasema: mama gani huyu, mtoto hajakaza shingo na yeye yuko vibandani. "Hilo la mwisho ndilo linalowakalisha ndani," alisema. "Hayo mengine tungesaidiana. Mie mwenyewe ningempakata."

Wapo wanaorudi. Mmoja alikuja na binti anayetembea tayari, akamketisha palepale kwenye benchi, na mtoto akalinyooshea kidole bakuli la pilipili mpaka watu wakacheka. Mwingine alileta shoga zake walewale wa siku ya kuaga, kila mmoja na mtoto wake, pakawa hapana pa kukaa. Bi Mkubwa anawakumbuka kwa bakuli: huyu wa embe nyingi, huyu asiye na yai. Majina hayajui.

Na wapo wasiorudi kabisa. Wamehama, wamefuata waume ng'ambo ya bahari, wamechoka na urojo? Kujifungua ni safari ambayo si kila mmoja anaimaliza, na Bi Mkubwa analijua hilo kuliko mimi. Nilipomuuliza kama huwa anauliza habari zao, alikoroga sufuria kwa muda. "Siulizi. Nikiuliza nitaambiwa."

Sikuwa na swali jingine la kumwekea juu ya hilo.

Yule mwenye wageni watatu atakuwa ndani sasa, amefungwa tumbo na kunyweshwa uji. Bi Mkubwa anamsubiri, na amesema akija na mtoto benchi la ndani, mbali na karai, ni lake.

Kibanda kinafunguliwa baada ya alasiri na kabla ya isha sufuria huwa tupu. Kama nyumbani kwako kuna mzazi aliyemaliza arobaini, mchukue mtoto kwa saa moja, umpe nauli, mwambie shoga zake wameshatangulia.