Baiskeli mpya ya kukunja: ipeleke kwa fundi kabla haijakuangusha na mzigo wa mteja

Wewe unayeuza mtandaoni ukiwa Izigo, hesabu unaijua. Mzigo unatoka Bukoba mjini kwa Hiace, unashushwa barabarani, na mteja yuko huko ndani kwenye migomba. Kila ukimlipa boda, faida inapungua. Ndiyo maana baiskeli ya kukunja inavutia: unaikunja, unapanda nayo gari, ukishuka unaikunjua na kumalizia safari mwenyewe.

Tatizo ni ile kauli ya "ni mpya bwana, sevisi ya nini?" Baiskeli mpya inahitaji sevisi mapema. Wiki za mwanzo waya za breki zinatanuka na kujiweka sawa, spoki zinakaa kwenye nafasi zake, na nati zilizokazwa haraka dukani zinaanza kulegea. Irudishe kwa fundi baada ya mwezi mmoja au kilomita 100 hivi, kitakachotangulia. Hapo kazi kubwa ni kukaza na kurekebisha tu. Ukingoja iharibike, utanunua vifaa.

Kabla ya hapo, haya unayafanya mwenyewe nyumbani:

1. BAWABA YA KATIKATI. Hapa ndipo penye uhai wako. Unapofunga mkono wake, uanze kuwa mgumu ukifika katikati, na umalizie kwa kuusukuma na kiganja. Ukifunga kilaini kama mlango wa kabati, umelegea, urekebishwe kabla hujapanda. Halafu bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "kwa kwa" kwenye bawaba au shina la usukani, usiondoke. Mteremko wa kutoka Kamachumu si mahali pa kujaribia bahati.

2. BREKI. Ukibana kwa nguvu, mkono wa breki usiguse usukani. Ukigusa, zungusha kile kirekebishio kidogo kilicho pale waya unapoingia mpaka ukaze. Futa rimu kwa kitambaa safi. Oili isifike kabisa kwenye rimu wala raba za breki.

3. UPEPO. Kupima kwa kidole gumba hakutoshi. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, jaza kulingana nacho na uangalie kila wiki. Gurudumu la inchi 20 linazunguka takriban mara 640 kwa kilomita moja, la inchi 26 ni kama mara 480. Kwa hiyo dogo linachoka haraka, na shimo dogo la barabarani linalipiga zaidi.

4. SPOKI NA PEDALI. Minya spoki mbilimbili kuzunguka gurudumu, iliyolegea utaijua. Mwachie fundi aikaze, maana ukikosea rimu inapinda. Pedali ya kushoto inakazwa kinyume na saa. Wengi wanaikaza kama ya kulia na kuharibu nyuzi zake.

5. CHENI. Bukoba inapata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo kutu haikuombi ruhusa. Ukinyeshewa, kausha cheni kwa kitambaa, weka tone la oili nyepesi kila kiungo, zungusha, kisha futa iliyozidi. Achana na oili chafu ya gari, inashika mchanga na mchanga unakula meno. Na usiipeleke kwenye kuoshea magari kwa maji ya presha, maji yataingia kwenye gololi na kusukuma grisi nje.

6. KITI NA UZITO. Bomba la kiti lina alama ya mwisho, usilivute kupita hapo. Kuhusu uzito, soma kikomo cha baiskeli yako, nyingi ni kama kilo 100, wewe na mzigo pamoja. Kama una kilo 72, umebakiwa na 28. Hii si Phoenix ya kubebea mikungu ya ndizi.

Kama bado hujanunua, soma kwanza namba ubavuni mwa tairi. Ukiona 406, umepona: ndiyo saizi ya baiskeli nyingi za watoto za inchi 20, hivyo tairi na tyubu hazisumbui kupatikana. Ukiona 349 au 451, agiza tyubu za akiba mapema, la sivyo pancha moja inaweza kukulaza siku kadhaa. Kwenye begi weka tyubu moja, pampu ndogo, alenki, na spana ya kufungulia gurudumu kama linatumia nati. Ndani ya Hiace, funga baiskeli kwa kamba isijifungue, na geuza upande wa cheni mbali na mabegi ya watu.

Nunua daftari dogo. Andika tarehe ya sevisi, kilichofanyika na pesa uliyolipa. Hiyo ni gharama ya biashara kama vocha na mifuko. Usipoihesabu, utadhani unapeleka mizigo bure.

Na kama wewe ndiye unayeziuza baiskeli hizi, usimtumie mteja boksi halafu ukapotea. Kaza kila nati kabla haijatoka, mwoneshe kwa video fupi jinsi bawaba inavyofungwa, na sevisi ya kwanza iweke ndani ya bei kwa kukubaliana na fundi wa karibu naye. Baada ya wiki tatu mwandikie: "Habari, baiskeli inaendeleaje? Sevisi yako imefika." Ujumbe huo haukugharimu kitu, lakini mteja anajua hukumuuzia ajali. Akiulizwa na jirani kainunua wapi, atataja jina lako.