Namna ya Kuomba Msaada wa Karo Katika Kidato cha Tano na cha Sita

Mwalimu anayetunza kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike juu ya jambo ambalo wengi huniuliza bwenini usiku, taa zikiisha kuzimwa. Mtu afanyeje akifaulu Kidato cha Nne, akapata nafasi ya Kidato cha Tano, na nyumbani karo hakuna? Huniuliza kwa kunong'ona, kana kwamba wanaulizia ugonjwa wa aibu. Mimi nalijua jambo hili kwa kuwa niliomba mara mbili. Mara ya kwanza nilikataliwa, na kosa lilikuwa langu. Nilikaa nyumbani mwaka mzima, na leo nina umri wa miaka 19, nami ningali Kidato cha Sita, hali wenzangu niliofaulu nao wamekwisha kuondoka.

Kwanza tuangalie kwa nini msaada huu watafutwa sana. Wenzetu wa Kenya waliacha vidato hivi viwili. Mtihani wao wa mwisho wa Kidato cha Sita ulifanywa mwaka 1989. Tanzania wanavyo bado, lakini tangu mwaka wa masomo wa 2022/2023 serikali yao iliondoa ada katika shule zake za Kidato cha Tano na cha Sita. Hapa Uganda serikali ilianza mwaka 2012 mpango wa kulipia sehemu ya gharama katika shule zilizochaguliwa. Hata hivyo si shule zote zilizoingizwa, na mwanafunzi wa bweni chakula na malazi yake yalibaki mzigo wa mzazi. Basi mtoto wa mkulima akipata nafasi katika shule ya bweni ya misheni kama hii yetu, mara nyingi hana budi kutafuta mkono wa kumsaidia.

Mikono hiyo ipo. Iko mifuko ya shule zenyewe, ya dayosisi na parokia, ya wilaya, ya mashirika ya hisani, na ya wanafunzi wa zamani. Kila mfuko una masharti yake. Mmoja huwasaidia yatima tu, mwingine wasichana, mwingine wanaosoma sayansi, mwingine wenyeji wa wilaya fulani. Kwa hiyo soma masharti kabla ya kushika kalamu. Yuko mwenzetu mmoja aliyejaza kurasa sita kwa mwandiko mzuri, kisha akaona chini ya ukurasa wa kwanza kwamba mfuko ule ni wa wasichana.

Sasa nitaeleza kosa langu. Baba yangu ni mkulima wa mihogo na ufuta, upande wa Arua. Amepatwa na kisukari, wala hawezi tena kushika jembe kutwa. Mama huuza samaki wakavu sokoni. Nilipopata fomu ya mfuko mmoja, niliona haya kuandika habari za samaki. Tena nilidhani kwamba kadiri nitakavyojionyesha maskini, ndivyo nitakavyohurumiwa. Basi mahali pa kazi ya baba niliandika "mgonjwa, hana uwezo wowote". Mahali pa kazi ya mama niliandika "hana kazi". Kisha nikaandika barua ndefu yenye machozi tele, lakini haikuwa na hesabu hata moja.

Baada ya majuma machache mjumbe wa mfuko alifika nyumbani bila kutoa habari. Alimkuta baba amekaa chini ya mwembe, akipukuta ufuta polepole. Punde si punde mama akarudi kutoka sokoni, beseni kichwani. Mjumbe akamwuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Naye akamjibu kweli, kwa kuwa hakujua nilichoandika: auza samaki siku za soko, na kwa fedha hizo ndizo dada zangu wawili wasomavyo. Mjumbe akaandika katika daftari yake, akashukuru, akaenda zake. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: maelezo ya mwombaji hayakulingana na mambo yaliyoonekana nyumbani.

Baba hakusema neno. Mama ndiye aliyenitaka nimsomee fomu yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeweka nakala. Nilipofika mahali pake, aliniuliza, "Kwa hiyo mimi sina kazi, mwanangu?" Swali lile lilinichoma kuliko kukosa shule. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kitu ambacho hata hakikuwa maradhi. Nilificha jasho la mama yangu, nalo ndilo lingalikuwa shahidi wangu bora.

Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili: fomu ya msaada haikuombi machozi. Hukuomba ukweli unaoweza kupimwa. Wala usidhani kwamba ni sisi maskini wa Afrika tu tunaopekuliwa hivi. Huko Uingereza, ulikotoka mtindo huu wa Kidato cha Sita, mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa umri wa miaka 16 hadi 19 ulianzishwa mwaka 2011. Mwanafunzi huomba kwa chuo chake mwenyewe, na kwa kawaida hutakiwa kuonyesha hati za mapato ya nyumbani kwao. Kuulizwa si kudharauliwa. Fedha ni chache na waombaji ni wengi, na agawaye sharti ajue.

Mara ya pili nilifanya kazi kwa utaratibu. Kwanza nilikusanya hati mapema: hati ya kuzaliwa, matokeo ya mtihani, barua ya kukubaliwa shuleni, karatasi ya shule yenye hesabu ya karo, cheti cha daktari juu ya ugonjwa wa baba, na barua ya mwenyekiti wa LC wa kijiji yenye muhuri. Yatima hutakiwa kuleta hati ya kifo cha mzazi. Usingoje juma la mwisho, maana mwenyekiti aweza kuwa matangani au safarini, na tarehe ya kufunga haimngojei mtu. Angalia pia kwamba jina lako ni moja katika hati zote. Herufi moja ikipotea, wewe huonekana kuwa watu wawili.

Pili, niliketi na baba na mama jioni moja, tukafanya hesabu ya mwaka. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kujua nyumba yetu huishi kwa nini. Naiweka hapa kuwa mfano.

Mapato ya mwaka:
Ufuta: Sh. 900,000
Mihogo mikavu: Sh. 700,000
Samaki wa mama (Sh. 20,000 kwa juma, majuma 50): Sh. 1,000,000
Jumla: Sh. 2,600,000

Matumizi ya mwaka:
Karo ya dada wawili (Sh. 120,000 kila mmoja kwa muhula, mihula 3): Sh. 720,000
Dawa za baba (Sh. 30,000 kwa mwezi): Sh. 360,000
Chumvi, sabuni, mafuta na vitu vya nyumbani (Sh. 60,000 kwa mwezi): Sh. 720,000
Mbegu na vibarua wa shamba: Sh. 200,000
Jumla: Sh. 2,000,000

Yabaki Sh. 600,000. Karo yangu ilikuwa Sh. 780,000 kwa muhula, yaani Sh. 2,340,000 kwa mwaka. Nikiongeza nauli, madaftari na sare, Sh. 260,000, mahitaji yangu yote yalikuwa Sh. 2,600,000, sawasawa na mapato yote ya nyumba yetu! Nami niliahidi kupata Sh. 200,000 kwa kufyatua matofali wakati wa likizo. Kwa hiyo niliomba Sh. 1,800,000 tu. Hesabu hii ilisema zaidi ya machozi yangu yote ya mwanzo. Tena iliwaonyesha wazee wa kamati kwamba sisi wenyewe tumekwisha kuinama na kuliinua gogo, nasi twaomba tu mtu wa kushika upande wa pili.

Tatu ni barua. Iwe ya ukurasa mmoja. Jitaje wewe ni nani, wasoma wapi na masomo gani. Eleza shida kwa maneno machache, ukitaja lini ilianza. Sema nyumbani watatoa kiasi gani na wewe waomba kiasi gani. Mwishoni sema wataka kusomea kazi gani na kwa nini. Kama ulianguka katika somo fulani, usilifiche, bali eleza sababu na jinsi ulivyojirekebisha. Mpe mwalimu aisome, lakini usimwombe akuandikie, kwa maana katika mahojiano utaulizwa juu ya maneno yako, na maneno ya kuazima hayakai kinywani. Weka nakala ya kila kitu, nawe wajue wazazi wako ulichoandika.

Mjumbe akija nyumbani, msifagie umaskini wala msiupambe. Mpeni kiti na maji ya kunywa, mjibu aulizacho. Yule aliyekuja mara ya pili alitaka kuona daftari ya mama ya mauzo, ambayo niliichora mimi mwenyewe baada ya jioni ile ya hesabu. Mama alimwonyesha kwa fahari. Majuma matatu baadaye nilipata Sh. 1,500,000. Zile Sh. 300,000 zilizopungua nilikwenda kumweleza hedimasta kabla muhula haujaanza, akanikubalia kuzilipa kidogo kidogo. Hilo nalo ni fundisho: deni likisemwa mapema huitwa mpango, likigunduliwa huitwa udanganyifu.

Ukisha kupata, kazi haijaisha. Peleka risiti na ripoti yako kila muhula bila kuombwa, na uandike barua ya shukrani. Hali ya nyumbani ikibadilika, ikiwa njema au mbaya, toa habari.

Sisi wa Kidato cha Sita sasa tunatazama mbele. Kwa miaka mingi serikali imekuwa ikitoa nafasi 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vyake. Nyingi hutolewa kwa alama za mtihani. Nyingine 896 zimewekwa kwa hesabu ya wilaya, 64 kwa wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo. Asiyepata aweza kuomba mkopo, ambao ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo huo hulipa ada ya masomo na ada nyingine za chuo, pamoja na vifaa vya wenye ulemavu. Chakula na malazi haulipi, na baada ya masomo sharti urudishwe. Huko nako huulizwa yale yale: wazazi, mapato, mashahidi. Aliyejifunza kusema kweli katika fomu ya Kidato cha Tano hatatetemeka mbele ya fomu hiyo.

Kwenu, wanafunzi wa zamani. Nafahamu kwamba wengi wenu hutoa fedha, nasi twashukuru. Lakini uko msaada mwingine usiokula fedha. Kijana wa kijijini kwenu akija na fomu, keti naye mfanye hesabu. Ukiombwa kuwa shahidi, andika uyajuayo, wala usikawie. Na kama nawe uliwahi kusomeshwa kwa msaada, tafadhali sema hadharani ukija kututembelea. Neno lako moja mbele ya shule nzima litawafanya wadogo zetu waulize mchana, bila kunong'ona.

Mama angali anauza samaki. Katika fomu yangu ya mkopo, mahali pa kazi yake, nimeandika kwa herufi kubwa: MFANYA BIASHARA.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita