Maumivu ya Kano za Kidole Gumba

Upande wa nyuma wa kifundo cha mkono zimo ala 6 zinazopitisha kano, yaani kamba ngumu ziunganishazo misuli na mifupa. Ala ya kwanza, iliyo kwenye shina la kidole gumba, hupitisha kano 2: moja hukivuta kidole hicho mbali na kiganja, nyingine hukinyoosha.

Njia hiyo ni nyembamba. Mkono urudiapo mwendo uleule kutwa, kama vile kukamua nguo au kumwinua mtoto mchanga, kano husuguana na ukuta wa ala. Ukuta hunenepa, njia huzidi kubana, na kila msogeo wa kidole huleta maumivu. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1895 na Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Ala zilizochunguzwa kwa hadubini zimeonyesha unene na uchakavu wa tishu kuliko dalili za uvimbe wa moto. Kwa hiyo kuulazimisha mkono uzoee maumivu ni kuuongezea msuguano tu.

Mwaka 1930 Harry Finkelstein wa New York alieleza jaribio la kuutambua: daktari hushika gumba la mgonjwa na kuupinda mkono kwa haraka kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Wengi hulichanganya na lile la kufumbata gumba ndani ya ngumi, ambalo huweza kuumiza hata mkono usio na ugonjwa. Mwanafunzi atakayejijaribu darasani asijitangazie maradhi!

Matibabu huanza bila kisu. Mgonjwa huvaa gango linalotuliza kifundo na shina la gumba, mara nyingi kwa wiki kadhaa, na huweza kupewa dawa ya maumivu kama ibuprofeni. Lakini ugonjwa huu huwapata sana akina mama wenye watoto wachanga, na kumwambia mama asimbebe mwanawe si tiba. Linalowezekana ni kubadili namna ya kubeba. Badala ya kumshika mtoto makwapani, magumba yakiwa wima, ampitishie mikono chini ya matako na mgongo, viganja vikitazama juu, ili uzito uchukuliwe na mikono yote.

Maumivu yasipopungua, daktari huweza kuchoma sindano ya kotikosteroidi ndani ya ala, nayo huwapa nafuu wagonjwa wengi. Huweza kuacha baka jeupe, ambalo huonekana zaidi kwenye ngozi nyeusi. Yafaa mgonjwa aambiwe mapema. Tena baadhi ya watu wana kiambaza ndani ya ala, kila kano ikikaa chumba chake, hata dawa iliyoingia chumba kimoja isifike cha pili. Hao ni miongoni mwa wachache ambao huishia kupasuliwa ala ili kano zipate nafasi.