Tambu na shamba lake la mahindi

Juma hili tunawaletea Tambudzai, binti wa riwaya ya Tsitsi Dangarembga, Nervous Conditions, iliyotoka 1988. Ni kijijini, Rodesia ya miaka ya 1960, inchi inayoitwa leo Zimbabwe.

Feza za masomo zilipokosekana, kaka yake Nhamo aliendelea, Tambu akaambiwa abaki jikoni. Akakataa. Akaomba mbegu alime mahindi, ajilipie mwenyewe. Baba akacheka. Mama ndiye aliyesema apewe. Lakini tusimsifu haraka: alitaka mtoto ajionee kwamba mambo mengine hayawezekani.

Yakawezekana. Tambu alilima alfajiri, kabla ya kazi za nyumbani. Mahindi yakaanza kuibiwa, na mwizi alikuwa Nhamo, akiwagawia marafiki! Tambu akamrukia wakapigana mbele ya watu. Baadaye mwalimu akampeleka mjini Umtali kuuza, na mama mmoja mzungu akatoa paundi 10. Baba, aliyecheka, akaenda shuleni kudai kwamba feza zile ni zake.

Sisi walimu tunamjua Tambu. Katika sekondari, minervali ikipunguka, mara nyingi ni binti anayerudishwa nyumbani kwanza, na mama ndiye anayetumwa kumwambia. Je, tunampa mbegu tukitumaini zitaota, ao tukingojea achoke?

Tulisimulia kisa hiki darasani. Kwenye mahindi yaliyoibiwa, wavulana walicheka sana. Wasichana walinyamaza, kisha mmoja akauliza kama kitabu kinapatikana.