Mstari mwekundu wa kipimo cha malaria na siri ya leza ndogo kabisa

Mzazi anayempeleka mtoto mwenye homa zahanati, Kibondo au Kasulu, husubiri dakika 15 hadi 20 kuona kama mstari wa pili utatokea kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uligundua malaria kwa takriban mtoto 1 kati ya 4 wenye umri chini ya miaka 5 mkoani Kigoma.

Katika vipimo vingi, wekundu wa mstari huo si damu wala wino. Ni dhahabu.

Chembe zake zina upana wa makumi ya nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwanga ukizipiga, elektroni za dhahabu huyumba kwa pamoja kama maji kwenye beseni. Myumbo huo huitwa plasmoni. Humeza mwanga wa kijani, nasi tunaona mwekundu. Chembe zikisongamana, rangi hugeuka zambarau. Ukubwa, umbo na umbali kati ya chembe ndivyo huamua rangi.

Kanuni hiyohiyo hutengeneza leza ndogo kabisa. Leza ya kawaida hukuza mwanga kwa kuurudisha huku na huko kati ya vioo, na hilo huweka kikomo cha udogo wake. Mwaka 2003, David Bergman na Mark Stockman walipendekeza plasmoni ichukue kazi ya vioo. Mwaka 2009, Mikhail Noginov na wenzake walionyesha chembe ya nanomita 44, yenye kiini cha dhahabu na ganda la silika lenye rangi inayong'aa, ikitoa mwanga wa kijani.

Ugumu upo: metali hupoteza mwanga kuwa joto, na chembe moja husambaza mwanga ovyo. Hivyo wabunifu huzipanga chembe kwa safu. Nafasi kati yake huchagua rangi na mwelekeo wa mwanga.

Watafiti wanachunguza kama leza hizi zinaweza kugundua kiasi kidogo sana cha protini za magonjwa. Hilo lina uzito, kwani vimelea vikiwa vichache, kipimo cha sasa huweza kutovionyesha. Kazi hiyo bado iko maabara. Kwa sasa, kumbuka: mstari wa pili, hata ukififia, ni malaria. Na homa ikiendelea baada ya jibu la kutokuwa na malaria, mrudishe mtoto zahanati haraka.