Bwawa la samaki uani: ulinzi wake huanzia mpakani

LILONGWE, Malawi

Mfanyabiashara anayevuka Kasumulu na magunia ya mchele wa Kyela, au anayetoka Chipata kuingia Mchinji na mzigo wa vitenge, anazijua karatasi atakazodaiwa forodhani. Wengi hawajui kwamba mfuko wa plastiki wenye maji, hewa na samaki wachache wa rangi unaweza kuwaletea matatizo kuliko mzigo wote uliobaki kwenye gari.

Samaki hao ni koi, wale wekundu, weupe, weusi na wa rangi ya dhahabu wanaowekwa kwenye mabwawa ya bustani. Wakulima wa Niigata, Japani, walianza kuwazalisha kwa ajili ya rangi zao katika karne ya 19, na leo bei ya koi hutegemea mabaka yake na umbo lake. Mitaa ya Lilongwe yenye viwanja vikubwa, kama Area 10 na Area 43, ina nafasi ya kutosha kuchimba bwawa la namna hiyo. Mwenye nyumba akipata wazo hilo, mtu wa kwanza kumuuliza ni yule anayesafiri nje mara kwa mara.

Kabla ya kupokea oda hiyo, msafiri anapaswa kujua samaki huyu ni nani hasa. Chini ya rangi zake, koi ni karpi, samaki wa maji baridi anayefugwa Asia na Ulaya kwa ajili ya kitoweo. Akitoroka na kuzaana, baada ya vizazi vichache watoto wake hupoteza rangi na kurudia ukahawia wa ukoo wao. Hula kwa kuchimbua tope la chini, akiyachafua maji na kung'oa majani ambamo samaki wengine hutagia na kujificha.

Malawi ilimjaribu karpi miaka ya 1970 katika kituo cha Kasinthula, bonde la Shire ya chini. Baadaye serikali ikasitisha kumsambaza kwa wafugaji, kwa hofu kwamba angefika ziwani. Kwa hofu hiyohiyo, kwa miaka mingi Malawi imekataa ufugaji wa sato, perege wa Mto Nile anayefugwa sana Zambia, Tanzania na Uganda. Sheria ya uvuvi ya 1997 inamtaka anayeingiza samaki hai awe na kibali cha Idara ya Uvuvi.

Naivasha walijifunza kwa gharama

Wanaoona tahadhari hiyo imezidi kipimo wana mfano wa jirani. Nchini Kenya, mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yaliwatorosha karpi kutoka kwenye shamba la samaki, nao wakaingia Ziwa Naivasha kwa njia ya mto. Mwaka 2001 wavuvi walianza kuwanasa kwenye nyavu. Haukupita mwongo mmoja kabla karpi hajawa sehemu kubwa ya samaki wote wanaovuliwa katika ziwa hilo. Wavuvi wa Naivasha wanamuuza na wanamla, lakini hakuna aliyepanga awe mwenyeji wao, na hakuna awezaye kumtoa.

Lilongwe ina njia kama hiyo. Mvua za Novemba hadi Aprili hujaza mifereji ya mji, mifereji humwaga katika Mto Lilongwe, mto huo huingia Linthipe, na Linthipe huishia Ziwa Malawi, ambalo Watanzania huliita Nyasa. Ziwa hilo linatumiwa na Malawi, Tanzania na Msumbiji, na lina mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana kwingine duniani. Chambo, usipa na utaka wanaouzwa Salima, Mangochi, Kyela na Mbamba Bay hutoka humo. Bwawa likifurika Lilongwe, hasara inaweza kuangukia mchuuzi wa dagaa wa Kyela ambaye hajawahi kumwona koi.

Ugonjwa husafiri ndani ya mfuko

Hata pasipo mafuriko, samaki wageni huja na maradhi. Koi na karpi wana kirusi chao cha malengelenge, kilichoanza kutambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Hakimdhuru binadamu, lakini maji yakiwa na joto la wastani kinaweza kuua sehemu kubwa ya samaki wa bwawa ndani ya siku chache. Mwaka 2003 kiliteketeza karpi wa kufugwa katika Ziwa Kasumigaura, Japani, nchi yenye wataalamu wengi wa samaki huyo.

Kusini mwa Afrika tishio lililo karibu zaidi ni ugonjwa wa vidonda, unaoletwa na kimelea cha jamii ya ukungu. Ulionekana katika eneo la mito Zambezi na Chobe mwaka 2006. Mwaka 2020 ulithibitishwa katika mabwawa ya wafugaji wilayani Mchinji, wilaya ileile ambayo barabara ya Lilongwe kwenda Zambia hupitia. Huwashika perege na kambale, na samaki mwenye vidonda vyekundu ubavuni hana mnunuzi sokoni.

Kwa sababu hiyo wafugaji wazoefu hawamwagi samaki wapya bwawani siku hiyohiyo, hata kama wamenunuliwa ndani ya nchi. Huwatenga katika tanki au pipa kubwa kwa wiki tatu hadi nne, wakiwa na wavu na ndoo zao peke yao. Anayeumwa ataonekana humo kabla hajawaambukiza wenzake. Maji ya mfuko waliosafiria hayamwagwi bwawani wala mferejini. Humwagwa kwenye udongo mkavu, mbali na mto.

Maji, umeme na korongo

Kwa samaki waliopatikana kihalali, adui wa kwanza mjini ni bomba. Maji yanayosambazwa mjini hutiwa klorini ili yawe salama kwa watu, na klorini hiyohiyo huunguza mashavu ya samaki. Dawa yake ni rahisi: maji yaachwe kwenye mapipa wazi siku moja au mbili, kisha yabadilishwe kidogo kidogo, yasizidi robo ya bwawa kwa mara moja.

Adui wa pili ni kukatika kwa umeme. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu bwawa la Kapichira, na takribani megawati 130 zikatoka kwenye gridi ya Malawi. Bwawa lililojazwa samaki kwa kutegemea pampu ya hewa huweza kumaliza samaki wake usiku mmoja pampu ikisimama. Dalili huonekana alfajiri, samaki wanapopandisha midomo juu ya maji wakihema. Kinga ni kutojaza bwawa kupita kiasi na kutowalisha umeme unapokatika, maana chakula kinachooza hula hewa iliyobaki majini. Pampu ikichelewa kurudi, maji huchotwa kwa ndoo na kumwagwa tena kutoka juu ili yapate hewa.

Kisha wako wawindaji. Korongo husimama kwenye maji mafupi, hivyo bwawa lenye kuta zilizosimama wima na kina cha mita moja humnyima pa kusimama. Mdiria huja kwa kupiga mbizi, na dhidi yake hakuna kinga kama wavu uliokazwa juu ya bwawa lote. Kenge na paka huingia kutoka ukingoni, hivyo wavu ushuke hadi chini na kubanwa kwa mawe. Bomba la kutolea maji nalo liwekewe wavu wa matundu madogo, ili mvua kubwa isiwachukue samaki.

Juni na Julai baridi ya usiku Lilongwe hushuka hadi karibu nyuzi 10. Koi huivumilia, lakini perege huzubaa na kuacha kula. Mfugaji anayeendelea kutupa chakula kilekile cha Desemba anaozesha maji yake mwenyewe.

Dzaleka: bwawa la kitoweo

Kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, hesabu ni nyingine. Dzaleka lilikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamezidi 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za soko lake. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Waliozoea duka Lilongwe ikabidi watafute riziki ndani ya eneo finyu.

Kwa waliokulia Uvira au Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, samaki ni chakula cha nyumbani, na wazo la kufuga halihitaji kufafanuliwa. Kinachohitaji kufikiriwa ni maji. Bwawa la mita nne kwa tano lenye kina cha mita moja hubeba lita 20,000, sawa na mapipa 100 ya lita 200. Mahali ambapo familia hupanga foleni kisimani, bwawa la namna hiyo ni ugomvi na majirani. Linafaa zaidi kwenye dambo, ardhi ya bondeni yenye unyevu na udongo wa mfinyanzi. Mwenye dambo akikubali kukodisha, makubaliano yawekwe kwa maandishi.

Bila pampu, bwawa la ukubwa huo linatosha samaki 40 hadi 60 tu. Chakula chake hakiagizwi mbali: madeya, yaani pumba za mahindi, pamoja na soya. Maji machafu yanayotolewa humwagilia mboga, mpango ambao watafiti wa kituo cha Domasi, Zomba, wamewafundisha wakulima wa Malawi kwa miongo kadhaa.

Ulinzi wa kwanza kambini ni wa watoto. Kina kinachomzuia korongo kinatosha kumzamisha mtoto wa miaka mitatu, na nyumba za Dzaleka zimebanana. Uzio wenye mlango unaofungwa utangulie maji. Uzio huohuo humchelewesha mwizi, ambaye kwa kawaida huja wiki chache kabla ya mavuno.

Biashara iliyopo

Mfanyabiashara hana haja ya kuvusha samaki hai ili anufaike na mabwawa haya. Turubai, nyavu, mabomba, pampu na chakula cha samaki vinahitajika Lilongwe na Dowa, na hupita mpakani kwa taratibu za bidhaa za kawaida. Vifaranga vya makumba, chilunguni, chambo na mlamba, ambaye Waswahili humwita kambale, ni vya asili ya Malawi. Mahali pa kuulizia ni Idara ya Uvuvi, kituo cha Domasi na chuo kikuu cha kilimo cha LUANAR kilichoko Bunda, nje kidogo ya Lilongwe.

Ni kweli kwamba makumba hakui haraka kama sato, na ndiyo maana kishawishi cha kupitisha vifaranga kwa njia za panya hakiishi. Anayeshawishika akumbuke kwamba utaratibu wa COMESA wa kurahisisha biashara ndogondogo hupunguza karatasi za forodha, lakini haufuti cheti cha afya ya wanyama wala kibali cha kuingiza samaki hai. Tanzania, iliyojitoa COMESA mwaka 2000, haimo kabisa katika utaratibu huo. Mteja wa Area 43 akisisitiza kwamba anataka koi, aelekezwe kwanza Idara ya Uvuvi akaulizie kibali kwa jina lake mwenyewe, na fedha ya oda isipokelewe kabla jibu halijapatikana.